Makopo Saba ya Ghala la Jibini

Montreuil, 14 Januari 2019

Baba mpendwa,

Mimi mzima, mafua tu, na paa la chumba cha kazi limeanza tena kuvuja juu ya meza ninayokwaruzia filamu. Nimetega sufuria. Mwambie Mama soksi zimefika na ninavaa jozi mbili kwa mpigo.

Nina habari. Jumba la Sanaa la Quai Verney, kule Lyon, linataka kuonyesha kazi zangu zote. Zote, Baba. Zile filamu nilizochora kwa sindano bila kamera. Ile niliyoipiga mwaka mzima kwa wafua nguo wa Saint-Denis, ambayo lazima ionyeshwe juu ya shuka mbichi, na Jumba limekubali hata kununua shuka na kumlipa mtu wa kuzilowesha. Hata michoro ya shuleni. Vyumba vinne, kuanzia tarehe 4 Mei. Nina miaka arobaini na mmoja na nimelia jikoni kwa furaha huku natafuna mkate.

Sasa shida. Msimamizi wa maonyesho, Bi Hortense Delvigne, ni mtu anayesoma kila kitu. Amesoma mahojiano yangu yote, na katika kila mahojiano nimesema filamu yangu ya kwanza niliipiga kijijini kwetu, Oktoba 1996, makopo saba, na haijawahi kusafishwa. Kuna bwana mmoja ameandika sura nzima ya kitabu kuisifu filamu hiyo ambayo hajaiona. Bi Delvigne anaitaka. Anataka chumba cha kwanza kianze nayo.

Kwa hiyo nakuomba ushuke ghalani, uchukue kopo namba moja, lenye utepe mwekundu, ulifunge vizuri, unitumie. Namba moja tu. Yale mengine sita yaache palepale, yasikusumbue.

Na jambo la pili, ambalo najua utalipita haraka kama hukuliona. Hujawahi kuja kwenye maonyesho yangu hata mara moja. Kila mara kuna ng'ombe anazaa, na nyinyi hamfugi ng'ombe. Sijasahau jioni ile ya mwaka huohuo uliposema mezani kwamba kamera si kazi. Sikulaumu tena, lakini ningependa kujua kama bado unaamini hivyo. Njoo tarehe 4 Mei. Simu najua unaichukia, basi niandikie.

Binti yako,
Perrine


Chapelle-des-Vernes, 22 Januari 2019

Perrine mwanangu,

Barua imefika. Mama yako ameisoma kwa sauti mara mbili, ya tatu akaenda kuisomea kwa jirani. Hongera. Vyumba vinne ni vingi, sijui utavijaza na nini.

Kuhusu kopo. Theluji imefika madirishani. Nadège wa posta ameteleza mbele ya kanisa, sasa anatembea na fimbo na kila barua anaileta na tusi lake. Halafu hilo kopo namba moja si zuri. Lina kutu. Sidhani linafaa mbele ya watu wa Lyon. Chukua hayo sita, hayo ni mazima kabisa, sijawahi kuyagusa isipokuwa kuyageuza.

Hilo la kugeuza mwambie huyo Bi, maana watu wa makumbusho hupenda kujua kitu kimetunzwa vipi. Ulisema filamu inapenda baridi na utulivu, nikayaweka rafu ya tatu pamoja na jibini zetu za nyumbani. Kitu kikilala upande mmoja kinaharibika, hilo hata mtoto wa hapa analijua. Kwa hiyo kila Jumatano na Jumamosi, nikigeuza jibini, nageuza na makopo. Miezi ya kwanza nilikuwa nayasugua na maji ya chumvi, Mama yako akanikataza. Tangu nistaafu kwenye ushirika wa jibini wa kijiji, jibini zangu hazizidi kumi na mbili, lakini makopo ni yaleyale saba.

Mei bado ni mbali. Tutaona.

Baba yako,
Régis


Montreuil, 29 Januari 2019

Baba,

Sikujua kwamba unayageuza. Nilisoma mstari huo nikaenda kusimama dirishani kidogo.

Lakini nisikilize. Usitume hayo sita. Narudia, usitume. Sitaki hata uyasogeze kutoka kwenye rafu. Nataka namba moja na kutu yake. Usiniulize kwa nini, ni mambo ya kisanaa.

Na sielewi unaficha nini. Mara theluji, mara Nadège, mara kutu. Kama unaona bintiyo atakutia aibu mbele ya watu wa Lyon, niambie waziwazi, nimeshazoea. Kitabu cha maonyesho kinakwenda kiwandani tarehe 15 Machi. Bila kopo hilo nitaonekana mwongo mbele ya kila mtu aliyewahi kuniamini, na vyumba vinne vitafungwa kabla havijafunguliwa.

Perrine


Chapelle-des-Vernes, 5 Februari 2019

Perrine kipenzi,

Nakuandikia haraka, baba yako yuko kwa kinyozi. Umemwandikia nini? Tangu barua yako hali chakula vizuri. Juzi aliacha supu ya vitunguu mezani, jambo ambalo halikutokea hata mama yake alipofariki. Anashuka ghalani siku ambazo si za kugeuza. Ijumaa nilimkuta amekaa juu ya ndoo, kopo namba moja mapajani, analisemesha.

Jana akapata dawa yake. Kaamka, kafunga yale makopo mengine sita kwenye sanduku la mbao, kaweka nusu gurudumu la jibini juu yake kwa heshima, kalituma moja kwa moja kwa yule Bi wa Lyon. Kasema anataka ushangae. Nadège alipolipima akamwuliza, "Bwana Régis, humu umetia mawe?" Baba yako akamjibu, "Hiyo ni sanaa, mama. Sanaa ni nzito." Akarudi nyumbani akala supu ya siku mbili.

Nyinyi wawili kuna kitu mnafichana. Mimi sikijui, lakini nimewafulia nguo miaka yote hii na sura zenu nazijua, hata ikiwa sura yenyewe ni ya barua.

Mama yako,
Ginette


Jumba la Sanaa la Quai Verney
Lyon, 13 Februari 2019

Kwa Bwana Régis Cuenot

Bwana mheshimiwa,

Naanza kwa kukushukuru kwa jibini, ambayo ofisi yetu iliimaliza kabla ya saa sita mchana.

Makopo sita yamefika salama. Kwa kuwa filamu isiyosafishwa haitakiwi kuona mwanga, tuliyafungua gizani, mtaalamu wetu akiwa amevaa glavu, sisi watatu tukiwa tumezuia pumzi. Mtaalamu alitia mkono katika kopo namba mbili. Akaomba taa iwashwe.

Makopo yote sita yana kokoto. Ni kokoto safi, za rangi ya samawati kidogo, zimefungwa vizuri ndani ya magazeti.

Nimemwandikia Bi Perrine mara mbili na sijapata jibu. Kwa kuwa wewe ndiye mtunzaji, nakuomba kwa heshima unifafanulie: je, hii ndiyo kazi yenyewe? Nauliza kwa dhati. Katika fani yetu mtu hawezi kuwa na uhakika.

Wako mtiifu,
Hortense Delvigne


Chapelle-des-Vernes, 17 Februari 2019

Perrine mwanangu,

Huyo Bi wa Lyon ameniandikia, nimekaa na barua yake siku mbili. Kokoto anazozieleza ni zetu, za uani, sihitaji kuziona. Na sasa nimeelewa yote, naona haya hata kushika kalamu.

Ulijua. Ulijua siku zote nilichokifanya. Ukaja siku moja kimyakimya, ukachukua filamu zako sita zilizobaki ukazipeleka mahali salama, mimi ukaniachia kokoto nigeuze ili usiniaibishe. Ndiyo maana ulinikataza kuyatuma.

Basi niseme kwa mdomo wangu, maana sijawahi kumwambia mtu, hata padri. Ilikuwa Novemba 1996, wiki mbili baada ya wewe kurudi chuoni. Jibini ikikaa, unaigonga kwa kinyundo, unaitoboa, unatoa kipande chembamba cha ndani, unaonja uone imefikia wapi. Kazi ninayoijua mimi ni hiyo. Nikafikiri, filamu ya mtoto imeshakaa wiki mbili, ngoja nione inaendeleaje. Nikafungua namba moja chini ya taa ya ghalani, nikavuta kama pima mbili hivi. Ilikuwa na rangi ya malai ya maziwa, na palepale mbele ya macho yangu ikaanza kugeuka zambarau. Sikuelewa ni nini, lakini nilijua nimeua kitu. Nikaikunja haraka, nikafunga, nikapanda juu nikamwambia Mama yako kichwa kinauma.

Kesho yake nikamdodosa mwalimu Vuillemin, eti filamu ikiona mwanga inakuwaje. Akacheka. Akasema, "Hiyo imekwisha, Régis, utupie jaa."

Kitu cha kwanza ulichokipiga maishani mwako mimi nimekichoma. Ndiyo sababu siji kwenye maonyesho yako. Nije nikae mstari wa mbele, nikupigie makofi kwa mikono hii? Hakuna ng'ombe, mwanangu. Hakujawahi kuwa na ng'ombe.

Kopo lenyewe bado ninalo. Nalo nililigeuza pamoja na mengine, nisikudanganye, nikitumaini labda litapona.

Nisamehe.

Baba yako,
Régis


Montreuil, 20 Februari 2019

Baba yangu,

Kaa chini kwanza. Umekaa?

Nimecheka hadi jirani akagonga ukuta, kisha nikalia, kisha nikafika pale pa kinyundo nikacheka upya. Sikujua chochote. Sikuja kimyakimya, sikuchukua filamu yoyote, kwa sababu hapakuwa na filamu ya kuchukua. Kokoto hizo nilizitia mimi, kwa mikono yangu, Oktoba 1996, Jumapili mlipokuwa kanisani. Barua za Bi Delvigne sikuzijibu kwa woga tu.

Chuo kilikuwa kimeniahidi filamu saba. Mtunza stoo akanipa moja na makopo sita matupu, akasema filamu zake zitafuata kwa posta. Siku ya kwanza nikaipiga hiyo moja, ikaisha kabla ya chakula cha mchana. Posta haikuleta kitu. Lakini unakumbuka kijiji kilivyokuwa wiki ile? Meya Girardet amevaa mshipi wake wa umeya wa rangi tatu. Akina mama wameosha madirisha hadi ya mazizi. Bendi ya zimamoto inapiga tarumbeta siku nzima mbele ya kamera isiyonasa sauti. Ningewaambia nini? Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nikaendelea na kamera tupu, siku sita, nawaambia "rudieni, rudieni, hapo nimewapenda." Meya alishuka ngazi za ofisi yake mara nne.

Halafu makopo yakawa mepesi mno. Nikaogopa utayanyanyua ugundue, ndiyo nikatia kokoto. Namba moja sikuweza kuja kuichukua peke yake, ungeuliza mengine. Miaka ikaenda, uongo ukakua, ukavaa miwani, ukaandikwa kitabuni.

Sasa sikiliza jambo kubwa. Mwalimu Vuillemin hakujua alichokuwa anasema. Filamu ikiwa imekazwa vizuri kwenye kigurudumu chake, mwanga unakula sehemu iliyovutwa na kingo kidogo. Ndani haufiki. Kwa ulivyoeleza, umechoma mwisho wake tu. Mwanzo huenda upo mzima. Nitumie, Baba, leo hii, na tafadhali usiangalie imefikia wapi.

Asubuhi nimempigia Bi Delvigne nikamwambia ukweli wote, wangu na wako. Nikajua vyumba vinne vimekwenda na maji. Kisha nikasikia kama anakohoa. Alikuwa anacheka.

Mwongo wako,
Perrine


Chapelle-des-Vernes, 26 Februari 2019

Mwanangu,

Yaani nimegeuza kokoto miaka ishirini na miwili. Kila Jumatano na kila Jumamosi. Siku niliyopasuliwa ngiri, kutoka kitandani hospitali, nilimtuma Mama yako arudi nyumbani ashuke akageuze kokoto. Nimetoka uani nikazitazama zile nyingine zilizolala nje na mvua na theluji, nikaziambia wenzenu wameishi kifalme.

Nilipanga nikae kimya. Lakini kicheko kilikuwa kinanibana, nikaenda kukimwaga mkahawani. Girardet, ambaye sasa ana miaka themanini na minne, aligonga meza. "Nilibana tumbo siku sita kwa kamera tupu?" Odile wa mkahawa alicheka hadi akakaa sakafuni. Mpiga tarumbeta mkubwa alisema, "Mimi nilijua," akaambiwa anyamaze. Kisha wakaanza kugombania nani yumo katika kopo namba moja. Kila mtu anasema ni yeye. Mwoka mikate anaapa kwamba siku ya kwanza alipita mbele ya kamera na kikapu, mara mbili, makusudi. Girardet anataka upige upya, na safari hii aione filamu ikiingizwa kwa macho yake.

Hakuna aliyekukasirikia. Akina mama wanasema ilikuwa wiki nzuri kuliko zote walizowahi kuwa nazo, na madirisha yalibaki safi hadi Pasaka.

Kopo nimemkabidhi Nadège mkononi. Liko ndani ya soksi mbili za sufi, ndani ya ndoo ya maziwa yenye mfuniko. Sikulifungua. Mkono ulitaka, nikauchapa.

Baba yako,
Régis


Chapelle-des-Vernes, 14 Machi 2019

Kwa Bi Hortense Delvigne, Lyon

Bi mheshimiwa,

Barua yako nimeipata. Unasema makopo sita yatawekwa chumba cha kwanza, ndani ya kabati la kioo, kokoto zikiwamo, na unaomba ruhusa uandike jina langu pamoja na la binti yangu kwa kuwa kazi ni ya sisi wawili.

Mimi si msanii. Nimetengeneza jibini miaka arobaini na mmoja. Lakini kama ni lazima iandikwe, basi iandikwe sawasawa, kwamba yaligeuzwa Jumatano na Jumamosi. Watu wasije wakafikiri yalikuwa yanalala tu.

Unauliza pia kazi hiyo iitweje. Iite Kokoto.

Jibini nyingine iko njiani. Hii usigawie ofisi nzima.

Wako,
Régis Cuenot


Montreuil, 3 Aprili 2019

Baba,

Ipo.

Nimeisafisha mwenyewe, ndani ya beseni, nikihesabu dakika kwa sauti kama ulivyokuwa unahesabu maziwa yakiganda. Mwisho umeungua, na kwenye kingo kuna miali inayochezacheza njia nzima, lakini dakika mbili zipo safi. Mwoka mikate hayumo. Girardet hayumo, usimwambie bado.

Uliyemo ni wewe. Nilikuwa nimesahau kabisa. Nilichokumbuka mimi ni kwamba wiki ile yote ulikataa kupigwa, kila nikikaribia unanipa mgongo. Kumbe siku ya kwanza, asubuhi, umesimama ushirikani kwenye lile pipa kubwa la shaba, mikono imezama kwenye maziwa hadi viwiko, mvuke umekuzunguka, na unaitazama kamera usoni. Unacheka. Halafu unasema kitu. Si neno moja, ni maneno mengi, mpaka unachomoa mkono mmoja kwenye maziwa ili uyasisitize.

Filamu ni bubu, na masharubu yako ya wakati ule yamefunika mdomo wote. Nimeitazama mara sitini. Bi Delvigne amemleta rafiki yake kiziwi anayesoma midomo ya watu. Ametazama mara tatu, akachukua karatasi akaandika: "Masharubu."

Ulisema nini, Baba? Jioni ileile ndiyo uliyosema kamera si kazi, nami nikaondoka na maneno hayo nikaishi nayo hadi leo. Nataka kujua asubuhi yake uliniambia nini. Muulize na Mama. Kivuli chake kiko ukutani, alikuwa amesimama nyuma yangu.

Perrine


Chapelle-des-Vernes, 10 Aprili 2019

Perrine kipenzi,

Baba yako amesoma barua, ameiweka chini ya redio, amekwenda kupasua kuni ambazo zilikwisha kupasuliwa.

Mimi nilikuwepo, ndiyo, nilileta kahawa. Nakumbuka alisema kitu. Lakini mtambo wa kukorogea ulikuwa unanguruma, sikusikia hata neno. Nilitikisa kichwa kukubali, kama ninavyofanya kwa baba yako tangu mwaka 1972. Nimemuuliza, "Kwani siku ile nilikubali nini?" Anasema atajibu akishaiona kwa macho yake.

Umesoma vizuri. Akishaiona. Amenunua suruali. Tunakuja basi zima, viti arobaini na tisa, na Girardet ameshachagua cha mbele.

Mama yako,
Ginette


Chapelle-des-Vernes, 8 Mei 2019

Perrine mwanangu,

Tulifika salama. Basi liliimba njia nzima, na Girardet alilala na mshipi wake. Utuombee radhi kwa yule mlinzi wa chumba cha shuka mbichi. Hakuna aliyemwambia kwamba wanawake wa kwetu wakiona shuka lililokunjamana hawawezi kulipita. Mwoka mikate amekubali hayumo, lakini anasema ule mwali mkubwa wa mwisho kabisa, upande wa kulia, ni kikapu chake. Mwache nao.

Mimi nilikaa kwenye benchi nikajiona nina miaka arobaini na tisa. Nilidhani nitaona aibu. Nilifurahi, Perrine, nilifurahi kweli. Watu nisiowajua walikuwa wanaingia, wanasimama, wanatabasamu kwa sababu yule mtu wa ukutani anatabasamu. Niliwaza, mtoto wangu ndiye aliyewafanyia hivi, na kwa dakika mbili tu. Ukaja ukakaa kando yangu, ukaniuliza tena nilisema nini, nami nikakujibu kwamba hapa kuna watu wengi. Si kwa ajili ya watu. Sikujua nianzie wapi.

Sikuwa nasema na wewe. Macho yangu yalikuwa yamepita juu ya bega lako, nasema na Mama yako. Nakumbuka kila neno, maana nilipiga kelele kuushinda mtambo. Nilimwambia, "Ginette, hebu mtazame anavyosimama na hiyo mashine. Hiyo ndiyo kazi yake, wala tusitafute nyingine. Siku nikijitia kumkatalia, nizabe kofi."

Akatikisa kichwa. Nikajua tumeelewana.

Kisha jioni, mezani, ukasema hutakuwa mwalimu wa kuchora, utapiga filamu maisha yako yote. Na mimi nikaogopa. Niliogopa kwamba utakwenda mbali na hapa hutapata cha kurudia. Kilichonitoka mdomoni ni kwamba kamera si kazi. Nikamgeukia Mama yako, nangoja. Akaniongezea viazi.

Umeuliza kama bado naamini hivyo. Sikuamini hata jioni ile, mwanangu. Nilikosa kofi tu.

Leo asubuhi, jikoni, redio nimeizima, nimemrudia Mama yako maneno yote, polepole, mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza. Akaweka kikombe chini, akafuta mikono kwenye aproni, akaizunguka meza, akanizaba.

Baba yako,
Régis